Maswali ya Wasomaji: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kilikotoka na Kilivyokua

Picha ya Ukumbi wa Nkrumah wa chuo hicho tuliyoichapa katika toleo lililopita, jengo ambalo wengi wetu tulilizoea nyuma ya noti ya shilingi 500, imetuletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia. Wapo wanaouliza kwa kutaka kujua, na wapo wanaouliza kwa uchungu kwa sababu walikuwapo. Tumechagua barua saba. Baadhi tumezijibu kwa kirefu kwa kuwa jambo lenyewe linadai hivyo, na nyingine kwa maneno machache.

Shikamoo mhariri. Darasani tumefundishwa kwamba chuo kikuu chetu kilianza na wanafunzi wachache wa sheria peke yao, tena kabla ya uhuru. Kwa nini sheria, wakati nchi ilikuwa na uhaba wa madaktari na wahandisi? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Songea)

Marahaba, mwanangu. Ulivyofundishwa ndivyo ilivyokuwa. Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja, cha sheria, na wanafunzi 14. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Hapakuwa na kampasi. Masomo yalianzia katika jengo la chama cha TANU, kwenye Mtaa wa Lumumba, katikati ya jiji, na mkuu wa kwanza wa chuo alikuwa Cranford Pratt, mwanazuoni wa siasa kutoka Kanada.

Sababu ya kuanza na sheria inaonekana ukiitazama Afrika Mashariki yote kwa pamoja. Makerere ilikuwapo tangu mwaka 1922, na ilikuwa ikifundisha udaktari. Nairobi ilikuwa na chuo kilichofundisha uhandisi. Lakini mahali pa kusomea shahada ya sheria hapakuwapo, si Kampala, si Nairobi, si Dar es Salaam. Serikali ya kikoloni haikuwa na hamu ya kuwasomesha Waafrika taaluma hiyo, na haihitaji kufikiri sana kuelewa kwa nini: mwanasheria ndiye mtu anayeweza kusimama mahakamani na kumuuliza mtawala ametoa wapi mamlaka ya kufanya anayoyafanya. Matokeo yake ni kwamba nchi ilikuwa inakaribia kujitawala huku mawakili wake Waafrika wakihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Majaji, mahakimu wa ngazi za juu na waandishi wa sheria serikalini walikuwa karibu wote wageni. Nchi ya namna hiyo ingeweza kuwa na bunge lake, lakini miswada ingeandikwa na watu wa nje na kufasiriwa na watu wa nje.

Mipango ya wakati wa ukoloni ilikuwa imekiweka chuo cha Tanganyika mbele zaidi katika miaka ya sitini. Serikali iliyotokana na uchaguzi wa mwaka 1960 ilikataa kungoja, na hata kukosekana kwa majengo hakukukubaliwa kuwa sababu. Mimi nauona uamuzi huo kuwa mmoja wa mikubwa iliyofanywa na viongozi wetu wa mwanzo, na ukubwa wake uko hapo hapo kwenye udogo wa chuo chenyewe: vyumba vichache vya kuazima, wanafunzi 14, na imani kwamba taifa lisilo na wasomi wake wa sheria litakuwa huru kwa jina.

Jambo jingine la kukumbukwa ni namna sheria ilivyofundishwa. Ingawa shahada zilikuwa za London, walimu wa kwanza, wakiongozwa na mkuu wa kitivo A. B. Weston, hawakutaka kumfundisha kijana wa Tanganyika sheria za Uingereza kana kwamba anakwenda kufanya kazi huko. Walisisitiza kwamba sheria isomwe pamoja na historia, uchumi na mila za watu ambao itawahusu. Mwaka 1964 chuo kilihamia kwenye kilima kilicho upande wa Ubungo, kilomita kama 13 kutoka katikati ya jiji, ndiyo maana hadi leo watu husema tu kwamba fulani anasoma Mlimani. Mwaka huo huo vilianza vitivo vya sanaa na sayansi za jamii, na mwaka uliofuata kitivo cha sayansi.

Marehemu kaka yangu alisoma sheria Dar es Salaam miaka ya sitini, na sisi ni Wakenya. Cheti chake hakikuandikwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wala Nairobi, bali Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Chuo hicho kilikuwa wapi? (Msomaji, Mombasa)

Pole kwa kumpoteza kaka yako. Chuo alichosoma kilikuwa katika miji mitatu kwa wakati mmoja. Mwezi Juni 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Mwalimu Julius Nyerere akawa Mkuu wa Chuo hicho. Kila kimoja kilikuwa chuo kikuu kishiriki chenye uongozi wake, lakini shahada zilitolewa kwa jina moja.

Msingi wa mpango huo ulikuwa kugawana kazi zilizo ghali. Mtu aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, awe ametoka Arusha au Kisumu. Aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam, ndiyo maana kizazi kizima cha wanasheria wa Kenya na Uganda kilipita Mlimani, akiwamo Willy Mutunga aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya. Vijana wa nchi tatu waliishi bweni moja, wakafahamiana kwa majina, na miaka baadaye wakakutana mahakamani na serikalini wakiwa wanajuana tangu ujana.

Mpango ulivunjika kwa sababu kila serikali ilikuwa na hesabu zake. Kila nchi ilikuwa imejiwekea malengo ya wataalamu inaowahitaji, na nafasi za wanafunzi wake katika kitivo kilichoko nchi jirani hazikutosha. Tanzania ilitaka madaktari wake wafundishwe Muhimbili, na kitivo cha udaktari kikaanza mwaka 1968. Kenya na Uganda nazo zilitaka vitivo ambavyo hazikuwa navyo. Vitu vilivyogawanywa ili kubana matumizi vikaanza kujengwa mara tatu. Tarehe 1 Julai 1970 muungano ulifikia mwisho, na vikazaliwa vyuo vikuu vitatu vya kitaifa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliundwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1970. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkuu wa Chuo wa kwanza, na Pius Msekwa Makamu Mkuu wa kwanza. Ninasikitika kila ninapoisoma habari hii, kwa sababu wanaozungumzia leo ushirikiano wa elimu ya juu katika ukanda wetu huzungumza kana kwamba ni jambo ambalo halijapata kufanyika.

Mimi ni mmoja wa waliorudishwa nyumbani mwaka 1966. Wajukuu wangu wanaambiwa kwamba tulikuwa vijana wenye tamaa tuliokataa kulitumikia taifa. Naomba uandike kwa haki. (Mstaafu, Tanga)

Shikamoo mzee wangu. Nitajaribu, na naomba uvumilivu wako pale nitakapotofautiana nawe.

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, likiwa la kujitolea. Mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wahitimu wa kidato cha sita, vyuo na chuo kikuu watalitumikia kwa lazima kwa miaka miwili: miezi mitano kambini, na muda uliobaki wakiwa kazini mwao, lakini wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi walipinga masharti hayo. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana, wengi wakiwa wamevaa majoho mekundu ya chuo, hadi Ikulu, na wakamsomea Rais tamko lao. Kulikuwa na bango lililodai kwamba hali ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni.

Mwalimu aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akajibu kwa hasira ambayo waliokuwapo hawakuisahau. Kuhusu mishahara alikubaliana nao kwamba ile ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno, ukiwamo wa kwake, na hapo hapo akatangaza kuupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Ya viongozi wengine wa juu nayo ikapunguzwa. Lakini wanafunzi karibu 400, wengi wao wa chuo kikuu kishiriki na wengine wa vyuo jirani, walifukuzwa na kusindikizwa makwao. Wengi waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata.

Sasa kuhusu haki. Nadhani wanaowaita ninyi wenye tamaa husahau kwamba hoja ya mishahara ya viongozi ilikuwa ya kweli, na Rais mwenyewe alithibitisha hivyo kwa kukata wa kwake mbele yenu. Msomi aliyeambiwa ajinyime alikuwa na haki ya kuuliza ni nani mwingine anayejinyima. Lakini lile bango, mzee wangu, siwezi kulitetea. Mkulima wa pamba aliyekuwa akilipa kodi ili mabweni yajengwe hakuwa na kumbukumbu njema ya ukoloni, na ndiye aliyekuwa akiwasomesha. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza Mwalimu kuliko suala la fedha.

Baada ya Oktoba ile, swali la nani anakimiliki chuo halikukaa kimya tena. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, mwezi uliofuata ukatoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na mwezi huo huo chuo kikafanya mkutano wake kujadili kitakuwa na nafasi gani katika nchi inayojenga ujamaa. Kisha majibu yakawa yanakuja kwa kupokezana, mara kutoka serikalini, mara kutoka Mlimani. Julai 1971 polisi wenye silaha walimchukua kampasini rais wa wanafunzi, Mkenya Symonds Akivaga, baada ya barua ya wazi aliyomwandikia Makamu Mkuu wa Chuo, na wanafunzi pamoja na walimu wakasusia masomo. Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii kupinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri, na mamia wakafukuzwa. Chama chao, DUSO, kikavunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na MUWATA kilichokuwa chini ya chama tawala. Ukizisoma habari za 1966 na 1978 kwa pamoja utaona kwamba mara ya pili wanafunzi hawakudai chochote kwa ajili yao wenyewe. Walidai usawa waliofundishwa na chama chenyewe, na wakaadhibiwa vile vile.

Walimu nao walilisema jambo hilo kwa maandishi. Aprili 1990 jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya elimu ya juu nchini zilipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Ninapenda sana kwamba walizitaja haki na wajibu pamoja. Mwezi uliofuata, Mei 1990, chuo kilifungwa kufuatia mgomo wa wanafunzi na mvutano wao na serikali, na hakikufunguliwa hadi mwaka 1991.

Ni kweli kwamba Rais Museveni wa Uganda alikuwa kiongozi wa wanafunzi Dar es Salaam, na kwamba jarida lao lilipigwa marufuku? (Msomaji, Bukoba)

Ni kweli. Yoweri Museveni alisoma Mlimani kati ya 1967 na 1970, na alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto kilichojulikana kwa kifupi USARF, kilichoanzishwa mwaka 1967 na kuwakusanya vijana wa mataifa mbalimbali ya Afrika. Dar es Salaam wakati huo ilikuwa makao ya vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, na FRELIMO ilikuwa jirani kabisa. Mwanafunzi angeweza kusoma nadharia asubuhi na jioni akamsikiliza mtu aliyetoka vitani Msumbiji. Kikundi hicho kiliendesha madarasa yake ya itikadi siku za Jumapili, na kikashirikiana na vijana wa TANU wa pale chuoni kuchapa jarida lililoitwa Cheche.

Jarida hilo ndilo lililotoa mwaka 1970 makala ndefu ya Issa Shivji, wakati huo akiwa kijana mdogo wa sheria, iliyohoji ni tabaka gani hasa lililokuwa likinufaika na utaifishaji wa mali baada ya Azimio la Arusha. Novemba mwaka huo kikundi na jarida vikapigwa marufuku. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba Tanzania haihitaji itikadi ya kuazima, kwa kuwa jina Cheche lilifuata la gazeti la Lenin, na kwamba tawi la vijana wa TANU linatosha. Vijana walitii, wakaanzisha jarida jingine chini ya tawi hilo, wakaliita MajiMaji, na wakaendelea kuandika.

Walimu walikuwa sehemu ya joto hilo. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alifundisha Mlimani mwaka 1966 hadi 1967, kisha tena kuanzia 1969 hadi 1974, na kitabu chake maarufu kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapwa mwaka 1972 na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam kwa kushirikiana na wachapishaji wa London. Kilisomwa dunia nzima, kikiwa kimeandikwa na mwalimu aliyekuwa akisahihisha mitihani pale Mlimani.

Tunaambiwa ni chuo cha utafiti. Mimi ni mwananchi wa kawaida, nalipa kodi. Utafiti huo umenifaidi nini? (Msomaji, Kilwa)

Umeuliza ukiwa Kilwa, kwa hiyo nitaanzia huko huko.

Mpaka uhuru unapatikana, vita vya Maji Maji vilijulikana katika vitabu kwa maelezo ya Wajerumani: maofisa wa kijeshi, wamisionari, magavana. Mwaka 1968 idara ya historia ya chuo, chini ya walimu kama Gilbert Gwassa na John Iliffe, iliandaa mradi wa kuwatuma wanafunzi vijijini kukusanya masimulizi ya wazee walioishi katika vita hivyo au waliosimuliwa na wazazi wao. Piga hesabu ya umri uone uharaka wa kazi ile. Mtu aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza mwaka 1905 alikuwa na miaka 78 wakati mwanafunzi anabisha hodi. Mradi ungecheleweshwa miaka kumi, mashahidi wengi wangekuwa wamekwisha kuzikwa.

Fikiria kijana wa mwaka wa pili ameketi kwenye mkeka katika milima ya Wamatumbi, na daftari gotini, mbele ya mzee ambaye hajawahi kuulizwa na mtu wa serikali jambo lolote isipokuwa kodi. Mzee anaeleza shamba la pamba la jumbe, ambako watu walilazimishwa kulima huku mashamba yao wenyewe yakiota magugu, anaeleza viboko, anaeleza Kinjikitile wa Ngarambe na maji yaliyowaunganisha watu wa makabila yasiyopatana, anaeleza siku ambayo watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba, wakijua kwamba kitendo hicho ni tangazo la vita. Kijana anaandika. Anamuuliza mzee habari hizo alizisikia kwa nani, nani mwingine alikuwapo, ni mto gani ulivukwa. Kisha anakwenda kijiji cha pili kulinganisha. Huo ndio utafiti, na sijui namna nyingine ambayo sauti ya yule mzee ingeingia katika historia ya nchi. Watoto wetu wanapojifunza leo kwamba Maji Maji vilikuwa vita vya watu waliokuwa na sababu, wala haukuwa wazimu wa washirikina kama Wajerumani walivyoandika, wanapokea matunda ya daftari zile. Idara hiyo ya historia, iliyoanzishwa na Terence Ranger na baadaye kuongozwa na wanahistoria wazalendo kama Isaria Kimambo na Arnold Temu, ilifahamika duniani kwa kushikilia kwamba Mwafrika ana historia yake na kwamba chanzo cha historia hiyo si nyaraka za mkoloni pekee.

La pili ni lugha unayoitumia kunisoma. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili kwa nchi za Afrika Mashariki ilihamishiwa chuoni Dar es Salaam mwaka 1964, ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, yaani TUKI. Kutoka huko ndiko ilikotoka, mwaka 1981, Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili ambayo haikosekani katika chumba cha habari wala ofisi ya walimu. Anayedhani kamusi ni kazi ndogo ajaribu kueleza neno moja la kila siku, tuseme "shika", na maana zake zote, bila kulitumia neno lenyewe na bila kumwacha msomaji wa Lamu wala wa Kigoma. Mwaka 1970 ilianzishwa Idara ya Kiswahili, ambako mihadhara, mitihani na tasnifu ni kwa Kiswahili, hivyo kukanusha kwa vitendo madai kwamba lugha hii haiwezi kubeba taaluma ya juu. Mwaka 2009 taasisi na idara ziliunganishwa kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, yaani TATAKI. Masikitiko yangu ni kwamba ushahidi huo umekaa miaka zaidi ya hamsini katika idara moja, na vitivo vingine vimeendelea kufundisha kwa Kiingereza kana kwamba hawakuuona.

Ningeweza kuongeza utafiti wa ardhi na maliasili ulioanza mwaka 1967 katika taasisi iliyojulikana kama BRALUP, au Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, lakini hayo yanahitaji safu yake.

Nimesikia Muhimbili, Sokoine na Ardhi zote zilikuwa Mlimani. Kweli? (Mzazi, Mbeya)

Kweli, kwa maana ya kuwa chini ya chuo hicho. Majengo yao hayakuwa Mlimani. Kitivo cha kilimo kilichokuwa Morogoro kilijitenga mwaka 1984 na kuwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Muhimbili ilikuwa kitivo cha udaktari, ikawa chuo kishiriki mwaka 1991, na mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kamili. Ardhi iliingia kama chuo kishiriki mwaka 1996 na kutoka mwaka 2007. Kwa upande mwingine, vyuo vya elimu vya Chang'ombe na Mkwawa, Iringa, vilifanywa vyuo vikuu vishiriki vyake mwaka 2005 na bado viko chini yake.

Baba yangu alisoma Mlimani bila kulipa senti, na alipewa hata nauli ya kurudi likizo. Mimi nimemaliza na deni la Bodi ya Mikopo. Nani alibadilisha mambo, na je, ninaweza kuyasoma mwenyewe katika nyaraka? (Msomaji, Mwanza)

Baba yako alisoma wakati ambapo serikali iligharamia kila kitu kwa sababu ilimhitaji. Wanafunzi walikuwa wachache, na kila mhitimu alikuwa na kazi inayomngoja. Hata hivyo kusoma bure hakukuwa bila masharti. Kwa Azimio la Musoma la Novemba 1974, kijana hakuweza tena kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu. Alitakiwa kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, kufanya kazi, na kupata mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Sharti hilo liliwaumiza zaidi wasichana na watakaosoma sayansi, na muda si mrefu likalegezwa kwao.

Mabadiliko hayakuletwa na mtu mmoja. Uchumi wa nchi uliporomoka kuanzia mwishoni mwa miaka ya sabini, na katika miaka ya themanini chuo kilikosa vitabu, kemikali za maabara, hata walimu, kwa kuwa wengi walihamia nje. Masharti ya wakopeshaji wa kimataifa yaliitaka serikali ipunguze matumizi, na elimu ya juu ikawa kati ya zilizoguswa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini ilianza sera ya kuchangia gharama, ambayo ilipandishwa hatua kwa hatua. Chini ya Makamu Mkuu Matthew Luhanga, aliyeongoza kuanzia 1991 hadi 2006, chuo kilianza mwaka 1994 mpango mkubwa wa mageuzi uliobadili uendeshaji wake, ukaongeza udahili, na hata kuruhusu ardhi yake itumike kibiashara. Mlimani City imesimama juu ya ardhi ya chuo. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Ile posho ambayo wanafunzi huiita bumu ikawa deni.

Maoni yangu ni haya: kuongeza udahili ulikuwa uamuzi wa haki, kwa sababu chuo cha umma hakiwezi kubaki cha mamia katika nchi ya mamilioni. Lakini mabweni, maktaba na walimu havikuongezeka kwa kasi ya wanafunzi, na gharama ya tofauti hiyo ilibebwa na watoto wa maskini waliolala wanne kitanda cha wawili. Hosteli zilizofunguliwa Aprili 2017, zenye nafasi 3,840, na maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, yenye uwezo wa kuhudumia watu 2,100 kwa wakati mmoja, zilikuja wakati upungufu ulikuwa wa muda mrefu sana.

Kuhusu nyaraka, ndiyo, unaweza. Maktaba ya chuo ina sehemu maalumu ya machapisho na nyaraka za Afrika Mashariki. Humo mna taarifa za chuo chenyewe za kila mwaka, tasnifu, majarida ya wanafunzi, karatasi za Hans Cory aliyekusanya mila na sheria za makabila kabla ya uhuru, na masimulizi ya mradi wa Maji Maji niliyoyataja hapo juu. Andika kwanza kwa mkutubi, ueleze jambo unalolitafuta na miaka yake, na uje na barua ya utambulisho kutoka kazini au serikali ya mtaa wako. Kwa suala lako, anza na taarifa za mwaka za kati ya 1988 na 1996. Humo utaona bajeti ambayo chuo kiliiomba na kiasi ambacho serikali ilitoa.